Humusi ya Bibi Warda na Maneno Yangu Mawili

Kwenu Tatu na Monika, nyie mnaobaki jikoni.

Najua mtacheka mkisoma kwamba mie nimestaafu. Mtu hustaafu akiwa na mvi, akapewa saa ya mezani, wakubwa wakasimama kumsifu. Mie nina miaka kumi na minane, mvi sina hata moja, na mtu angesimama kunisifu ningejificha nyuma ya pipa la maji. Lakini nimefanya kazi miaka minne katika jiko moja, jana nimevua kanga ya kazi nikaitundika kwenye msumari, na wiki ijayo napanda gari moshi kwenda bara kusomea ualimu. Kama huko si kustaafu, nitafutieni neno jingine.

Bi Zaina aliniambia niwaelekeze kazi kabla sijaondoka. Nilijaribu juzi, mliniona. Nilisema "Sasa dengu," nikaenda kusugua sufuria iliyokwisha kusuguliwa. Basi nawaandikia. Vyeo sitavitaja kwa sababu cheo changu cha kwanza kilikuwa msichana wa dengu na cha mwisho kilikuwa hichohicho. Nitaandika humusi, zile dengu zetu za kuponda na ufuta, inavyopikwa na inavyoliwa hapa Kinondoni. Pia nitaandika jinsi nilivyomwondoa Bibi Warda kwenye jiko lake kwa maneno mawili. Hilo la pili hamjalisikia. Mmesikia tu kwamba Bibi kaenda Tanga kwa binti yake, na ninyi mlipoajiriwa alikuwa keshaondoka.

Nilianza nikiwa darasa la saba. Baba yangu ni karani, mtu wa Upareni, na Bibi Warda tulikuwa tukimwona kanisani, kaketi peke yake benchi la nyuma na kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa Mshami, mtu wa Shamu, huko ng'ambo kunakoota mizeituni. Mumewe aliuza vitambaa mjini miaka mingi. Alipofariki alizikwa hapahapa, na Bibi akaacha nyumba ya mjini, akapanga hii yenye banda la mabati uani, akawa anapikia watu chakula cha saa kumi, wanaporudi kazini. Baba alisikia anatafuta msichana. Hakuniuliza. Jumatatu nilipotoka shule nilikuta keshanipangia.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda, miguu kainyoosha, mbele yake ungo umejaa ufuta. Nikasema shikamoo. Nadhani nilisema, Bi Zaina hadi leo anakataa.

"Jina yako nani?" Bibi akaniuliza.

"Perpetua," nikajibu, sauti kama ya mbu.

"Pepeta?"

Nikautazama ungo, nikaamini nimepewa amri. Nikauchukua, nikaanza kupepeta. Bi Zaina, aliyekuwa akipika naye siku hizo, akatoka ndani na kuni mkononi, akasimama.

"Huyu mtoto mbona hasemi, anapepeta tu? Nani kamwambia?"

"Mimi nauliza jina yake, yeye nachukua ungo yangu," alisema Bibi.

"Mwache basi apepete! Tangu asubuhi wewe unautazama ufuta huo kama unasubiri ujipepete."

Tangu siku hiyo nikawa Pepeta. Ufuta ule niliupepeta mpaka hakuna kapi hata moja, maana kila nilipofikiria kusimama nilikumbuka kwamba nikisimama nitatakiwa niseme kitu.

Lazima niwaeleze Kiswahili cha Bibi, kwa kuwa bila hicho hamtaelewa huko mbele. Alikiokota dukani kwa mumewe na sokoni, kilichobaki akakimalizia kwa Bi Zaina. Kwake kila kitu kilikuwa ngeli moja. Jina yangu, jiko yangu, tumbo yangu, kanisa yetu. Mie shuleni tulikuwa tukichapwa kwa makosa hayo, tukiandika "jiko yangu" tunarudia kuandika "jiko langu" mara hamsini. Masikio yangu yaliniwasha wiki nzima ya kwanza. Baadaye nikazoea, na sasa nikisikia mtu akisema "jiko langu" naona kama anajivuna.

Kazi yenyewe walinifundisha wote wawili, kila mmoja akipinga alichosema mwenzake. Dengu zirowekwe tangu jana yake na magadi kidogo sana, yanayokaa kwenye kucha. Bibi alipenda kidogo, Bi Zaina alipenda kidogo zaidi ya kidogo. Magadi yakizidi humusi inanuka sabuni, yakipungua utachochea moto mpaka mpishi aive kabla ya dengu. Osheni mara tatu. Zikichemka, engueni povu. Zikiiva hata ukiibana moja kwa vidole inapondeka kama jicho la samaki, zimwageni kwenye beseni la maji baridi mzisugue kwa viganja taratibu. Maganda yataelea yenyewe. Yaondoeni yote. Hapa ndipo msichana mvivu hujulikana, maana ganda humjia mlaji kwenye ulimi kama karatasi. Maji ya kuchemshia msiyamwage, yatahitajika.

Ufuta mkiukaanga, moto uwe mdogo na msiondoke. Unapoanza kurukaruka na kunukia, utoeni. Ukingoja ugeuke rangi umekwisha kuwa mchungu. Upondeni ungali moto. Mwanzoni utakuwa unga, mtakata tamaa. Endeleeni. Utashikana, utang'aa, kisha utaachia mafuta wenyewe na mchi utaanza kuteleza. Ndipo mtie dengu, thomu (kitunguu saumu) iliyopondwa na chumvi, ndimu, na yale maji kidogo kidogo. Bibi alikuwa akisikiliza mchi. Angeweza kuwa barazani anaongea na mtu, akapaza sauti, "Pepeta, bado! Nasikia bado!" Na kweli ilikuwa bado.

Sasa, chakula hicho kilichotutoa jasho hakuna aliyekila.

Watu walikuja kwa wali na mchuzi wa samaki. Bibi akawawekea kila mmoja kisahani cha humusi kando, kakivuruga katikati kuwe na kishimo, kishimoni matone ya mafuta ya zeituni aliyokuwa akiyatunza kwenye kopo kama dawa ya macho. Visahani vikarudi vizima. Fundi Seif, mshona viatu wa hapo jirani, aliuliza kama kile ni cha kupaka au cha kunywa. Mwalimu Danieli, ambaye ana adabu, alionja kwa ncha ya kijiko akasema, "Ahsante, Bibi, nimeshiba," na wali wake alikuwa hajaugusa.

Bibi hakukasirika. Alikusanya visahani, akamimina vyote kwenye bakuli moja, akala peke yake uani, anachovya mkate. Nilikuwa naosha vyombo. Akaniambia bila kunitazama, "Mama yangu napika hii kila Jumamosi. Mtu ya hapa akikula chakula yangu, mimi niko kwetu. Asipokula, mimi mgeni tu. Miaka ishirini mgeni."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu la siri usiku huo, hivyohivyo na makosa yake. Nikapiga mstari chini ya "mgeni tu".  

Mwaka uliofuata alitaka ubao mlangoni. "Wewe nasoma shule, andika." Nikaandika kwa chokaa, herufi kubwa: HUMUSI IPO. Ndivyo alivyolitamka na ndivyo nilivyolisikia. Nikasahau kwamba humusi ni neno letu tayari, fungu moja katika mafungu matano, na wiki ileile nilikuwa nimelifanyia hesabu za sehemu na kupata alama zote.

Fundi Seif akasimama mlangoni akasoma kwa sauti, na nyuma yake watu watano.

"Humusi ipo. Na zile nne zimekwenda wapi?"

Watu wakaangua kicheko.

"Bi Zaina, mie nimeshinda na njaa tangu asubuhi, humusi itanifikisha wapi? Nipe japo nusu!"

"Nusu ya nini, wewe?"

"Nitajuaje? Nyie ndio mmeandika. Humusi ya nini?"

"Ya dengu!"

"Ahaa. Dengu nne mnakula nyie, ya tano mnatuuzia sie."

Bi Zaina akashika kiuno. "Hutaki, toka. Ukilala na njaa, shauri yako!"

Nyie mmekwisha kumsikia mara ngapi. Hilo ndilo neno lake. Muuza mkaa akichelewa, shauri yake. Mlaji akilalamika mchuzi umepoa, shauri yake. Na Bibi alilipenda neno hilo, akalichukua kama lilivyo. Paka akiungua mkia jikoni Bibi alikuwa akimwambia, "Paka, shauri yako!" na kumsukuma kwa mguu. Potelea mbali, mie simo. Hivyo ndivyo alivyolijua, na hakulijua kwa maana nyingine.

Mimi nilikimbilia uani nikachukua kitambaa chenye maji nikafute ubao. Bibi akanizuia. "Wanacheka nini?" Nikalazimika kumweleza, na nadhani yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kusema mfululizo katika jiko lile. Nilichora hata chapati chini kwa kijiti nikaigawa mara tano. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa chake cheusi, akakataza ubao usiguswe. Watu wakawa wanakuja kwa ajili ya mzaha, mmoja anataka robo, mwingine thuluthi, na mtu akishaomba kitu kwa mzaha huona aibu kukiacha. Wakaonja.

Lakini kuonja si kula. Kilichowafanya waile kilikuwa muhogo, na hapo aibu zangu ndizo zilizotuokoa. Sikuwahi kuweza kula mbele ya watu. Chakula changu nilikula nyuma ya banda, na siku moja chakula kilikuwa muhogo wa kuchoma mkavu kweli, wa kukwama kooni. Bakuli la humusi lilikuwa linangoja kuoshwa. Nikachovya. Bi Zaina akanikuta nimejaza mashavu.

"Unaiba?"

Nikatikisa kichwa.

"Unakula nini? Nipe." Akachovya, akatafuna, akanyamaza. Bi Zaina kunyamaza si jambo dogo. Akaenda akaleta pilipili mbuzi, akaipasua juu yake, akachovya tena. "Eh! Na huyu Bibi anawapa watu kwenye kisahani kama wagonjwa!"

Kesho yake ikauzwa na muhogo wa kuchoma na pilipili, ikaisha kabla ya wali. Tangu hapo visahani havikurudi tena vizima. Niwatajie njia zilizokubalika, maana hizo ndizo mtakazoulizwa.

Kwa chai ya asubuhi, ipakeni nzito ndani ya mkate wa boflo, au muitie pembeni ya viazi vitamu vya kuchemsha. Kiazi kina sukari, humusi ina ndimu, vinapatana. Kwa samaki wa kukaanga, hasa vibua tunavyoletewa kutoka Kawe, ilegezeni kwa maji ya dengu na ndimu zaidi mpaka imiminike, kisha mwagieni juu samaki akiwa bado anachiririka mafuta. Mchicha ukiwa umeiva, vijiko viwili vikubwa mwishoni, moto ukiwa umezimwa, msichemshe, itakatika. Na ugali: hapa kuna siri ya Bi Zaina. Anakaanga kitunguu hadi kiwe chekundu, anatia tui jepesi la nazi, tui likipata moto anaikorogea humusi humo. Inakuwa mboga kamili. Baba yangu, ambaye kwake chakula kisicho na maharage si chakula, alikula akauliza maharage haya ni ya wapi.

Siku za Kwaresima Mwalimu Danieli alikuwa akija kila Ijumaa, haombi nyama wala samaki, anaomba "ile ya Bibi na ugali". Ramadhani ikiingia, Bi Zaina anapeleka bakuli kwao kwa futari, na majirani zake wanatuma watoto kuiomba tena. Ikibaki ikalala, msiitupe. Ikandeni na unga wa dengu, kitunguu na giligilani, mfanye vidonge mkaange. Fundi Seif anaviita visigino. Mwacheni aviite anavyotaka, anakula kumi.

Mafuta ya zeituni yalipokwisha kwenye kopo, tukatia ya ufuta. Siku ile ya tui Bibi alinuna. "Hii sasa si yangu. Hii ya Zaina." Akakaa barazani mgongo kwetu. Kisha akaona walaji wanafuta sahani kwa tonge, akaja taratibu akachukua tonge dogo kwa vidole vitatu, kama sie. Akatafuna. "Mama yangu angepiga mimi," akasema. Akachukua la pili.

Ule ulikuwa wakati mzuri. Sikujua kwamba ni wakati. Nilidhani ndivyo maisha yalivyo. Nikitoka shule nilikuwa nakimbia, mkoba unanipiga mgongoni, nikiingia Bibi anafinya shavu langu kwa vidole vinavyonuka ndimu, anasema, "Pepeta kaja, tupone." Nyumbani kwetu hatufinyani mashavu. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na Baba ni mtu mwema ila mikono yake ni ya kushika kalamu. Siku ambazo Bibi alikuwa na unga mikononi akasahau kunifinya, nilizungukazunguka karibu yake mpaka akakumbuka. Mnaweza kunicheka.

Mwaka huu, kabla ya masika, ikaja barua kutoka Tanga. Bintiye Bibi, Marta, ameolewa huko, mumewe ana duka. Marta aliandika kwamba mama sasa ni mzee, banda linavuja, mvua zinakuja, afunge jiko ahamie kwao. Niliisoma mie, kwa kuwa Marta aliiandika kwa Kiswahili, cha kwao hakujifunza kukiandika, na Bibi Kiswahili cha kwenye karatasi hakijui. Niliisoma yote kwa sauti moja, kama ninavyosoma darasani nikitaka kumaliza niketi.

Bibi alimuuliza kila mtu. Bi Zaina alimwambia, "Nenda ukamsalimie mwanao, ukichoka urudi," na nahisi Bibi hakutaka jibu la kati. Mwalimu Danieli alisema mtoto ni mtoto. Fundi Seif alisema Bibi akienda, yeye Seif atakufa njaa, na wote tukacheka, kwa hiyo halikuhesabiwa.

Mie aliniuliza wa mwisho. Ilikuwa Jumamosi, tumekaa wawili uani, beseni la dengu kati yetu, tunaondoa maganda. Mikono yetu ilikuwa inagongana ndani ya maji.

"Pepeta. Binti yangu nasema nije. Wewe nasema nini? Mimi nifanye nini?"

Nilijua anachouliza. Nilikumbuka mstari nilioupiga kwenye daftari. Ndani yangu kulikuwa na kelele, usiende, usiende, hivi kwamba niliogopa atazisikia. Lakini kwetu mtoto hamshauri mtu mzima. Akiulizwa na mkubwa nifanye nini, huinamisha kichwa akarudisha neno kwa mwenyewe, ndiyo heshima. Na zaidi ya heshima, niseme ukweli, niliogopa sauti yangu itatetemeka. Nikainama, nikachagua maneno ya adabu, nikayapanga na ngeli yake sawasawa kama tulivyofundishwa.

"Shauri lako, Bibi."

Mikono yake ikasimama ndani ya maji.

"Shauri yako?"

Nilifikiri anarudia kwa Kiswahili chake, kama alivyorudia kila kitu.

"Ndiyo, Bibi," nikasema.

Akatoa mikono kwenye beseni, akaikausha kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Akasema, "Haya." Akaingia ndani. Maganda niliyamaliza mwenyewe, nikajisifu moyoni kwamba nimejibu bila kutetemeka.

Wiki ile ile alimwambia Bi Zaina achukue jiko. Alifunga mizigo miwili. Siku aliyopanda basi la Tanga tulimsindikiza, na alipofika kwangu alinipa mkono, kama watu wazima wanavyopeana. Shavu hakuligusa. Nikadhani ni uchungu wa safari, au amenihesabu mkubwa sasa. Nikarudi nyumbani nimesimamisha shingo.

Ilipita miezi miwili. Mmekwisha kuja nyie. Siku moja mwezi uliopita, Monika alikuwa kaenda kuchota maji na Tatu kaenda sokoni, Bi Zaina alikuwa ananitazama ninavyopika, akasema ghafla:

"Hivi wewe Pepeta, yule mama alikukosea nini?"

"Nani?"

"Nani! Bibi Warda. Mie watu wengine wangemwambia vile nisingeshangaa. Lakini wewe!"

"Nilimwambia nini, Bi Zaina?"

"Shauri yako! Alilia hapo hapo kwenye kigoda, akaniambia, 'Zaina, mimi nauliza watu yote. Hata Pepeta nasema shauri yako. Basi mimi nakwenda.' Nikamwambia labda hukusikia vizuri. Akasema, 'Nauliza mara mbili. Nasema ndiyo.'"

Nilitaka kumweleza. Nikasema, "Nilisema lako." Bi Zaina akanitazama kama mtu anayengoja sentensi iishe. "Lako," nikasema tena. "Siyo yako. Shauri lako. Kwa heshima."

Alivuta kigoda akaketi. Kisha akaniambia kwa sauti ambayo hamjapata kuisikia kwake, ndogo, "Mwanangu, yule mama na lako wapi na wapi?"

Humusi ya siku ile iliungua ufuta. Mlikula, hamkusema kitu, nashukuru.

Nimewaza sana, na sitaki mdhani nalaumu herufi. Hata angesikia lako, alikuja kwangu anataka neno moja na nikampa lingine. Fundi Seif na mizaha yake alimwambia ukweli kuliko mie.

Nikaanza barua. Ya kwanza ilikuwa kurasa mbili, na ukurasa mmoja mzima nilieleza ngeli ya shauri, umoja na wingi, nikatoa na mifano. Nilipoisoma niliona haya, nikaichana. Ya pili niliomba radhi mara saba kwa Kiswahili cha vitabuni. Nikaichana. Tatizo ni kwamba Bibi hasomi. Barua itasomwa na Marta au mumewe, dukani pengine, wateja wamesimama, mwanamume nisiyemjua anayatamka kwa sauti mambo yangu ya ndani. Kila nilipofika pale kalamu ilikufa. Nilifikiri niandike salamu tu, kwamba sie wazima, dengu zimeadimika, masika yamekuwa makubwa.

Juzi, baada ya kushindwa kuwaelekeza nyie wawili na kwenda kusugua sufuria safi, nilijichoka. Nikakaa kwenye meza ya Baba mchana kweupe, yeye akiwa palepale anasoma gazeti, nikaandika:

"Bibi, shikamoo. Uliniuliza ufanye nini. Baki. Nilitaka ubaki, na bado nataka. Huyu ni Pepeta."

Nikampa Baba asome kwanza, ili nizoee. Alisoma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema, "Baki ilikuwa ya siku ile. Sasa keshaondoka, mwambie rudi." Nikaongeza: "Rudi." Akanipa stempu.

Imekwisha kwenda. Jibu litanikuta nimeondoka, kwa hiyo likija lifungueni, mliandike upya neno kwa neno, mnitumie, hata kama ni baya. Bi Zaina hana kinyongo na jiko. Amesema Bibi akija, yeye atahamisha vitu vyake siku hiyohiyo.

Na akija mwenyewe, msimpe maji ya baridi, hayapendi. Mpisheni kigoda. Mpeni humusi na muhogo aone mnavyopika, na akisema bado, jueni ni bado. Akiwauliza Pepeta yuko wapi, mwambieni yuko bara, Desemba anakuja likizo. Msimweleze habari ya lako na yako. Msimwambie nililia. Nitakuja kumwambia yote mie mwenyewe, kwa sauti, Fundi Seif akiwepo asikie.